Boza, kisima au mfereji: jinsi ya kuamua pamoja vigezo vinapovutana

Vikao vya maji katika majengo ya wapangaji Mombasa huvunjika kwa namna inayojulikana. Mmoja anasema kisima kitamaliza shida. Mwingine anajibu kwamba maji ya kisima ni chumvi tupu. Wa tatu anauliza ni nani atakayelipa umeme wa pampu, wa nne anataka boza, lile lori la maji, liendelee kuja kama kawaida. Ikifika saa nne za usiku watu wanarudi majumbani, kila mmoja amesema kweli na hakuna lililoamuliwa.

Ubishi wa aina hiyo huchanganya maswali mawili. La kwanza ni la ukweli: maji ya kisima yatakuwa na chumvi kiasi gani, mfereji, yaani maji ya bomba, hukauka siku ngapi kwa mwezi, boza litagharimu pesa ngapi. La pili ni la thamani: kupungua kwa chumvi kunastahili tulipe kiasi gani, na siku moja ya kukaa bila maji inatuumiza kiasi gani. Swali la kwanza lijibiwe na anayejua, hata akiwa mtu mmoja. La pili lijibiwe na kila atakayeishi na uamuzi huo, na hapo fundi wa visima hana sauti kubwa kuliko mama anayepikia watoto. Ukiyatenga maswali haya, ukayajibu kila moja kwa wakati wake, kilichobaki ni hesabu ya shule ya msingi.

Tutatumia jengo la nyumba 24 huko Kisauni kama mfano tangu mwanzo hadi mwisho. Namba za mfano huu ni za kufundishia tu. Mahali pake wekeni zenu.

Kuinua mikono hakutoshi

Tuseme kuna machaguo matatu na kila nyumba ina kura moja. Kisima kinapata kura 9, boza 8, mfereji 7. Kisima kimeshinda. Lakini inawezekana kabisa kwamba zile nyumba 15 ambazo hazikukipigia zote zilikiweka mwisho. Mmechagua kitu ambacho wengi hawakitaki, na mtaligundua hilo siku ya kuchanga.

Mfaransa Jean-Charles de Borda aliliona tatizo hili katika karne ya 18, akapendekeza kila mpiga kura apange machaguo yote kwa daraja, kisha daraja zigeuzwe alama: kwa machaguo manne, la kwanza alama 3, la pili 2, la tatu 1, la mwisho 0. Kwa uamuzi mdogo, kama rangi ya kupaka ngazi au siku ya usafi, njia hiyo inatosha na humalizika kwa dakika kumi. Kwa uamuzi wa mamia ya maelfu ya shilingi haitoshi, kwa sababu haiwaambii kwa nini chaguo limeshindwa wala mlirekebishe wapi.

Watu, machaguo na masharti

Kikundi cha kufanya kazi hii kiwe cha watu 7 hadi 12. Chini ya hapo sauti zinakosekana. Zaidi ya hapo kikao hakimaliziki. Katika jengo letu tuwe na watu 9, angalau mmoja kutoka kila ghorofa. Angalieni sana wasikae wenye vyeo peke yao. Anayebeba madumu, anayefua na anayepika ndiye anayeyajua maji, na mara nyingi hayumo kwenye kamati. Mwenye nyumba aelezwe mapema, maana kuchimba kisima au kujenga tangi la ardhini bila idhini yake ni kazi bure.

Msimamizi wa kikao asiwe mwenyekiti. Mwenyekiti ana msimamo wake na ana haki ya kuutoa, lakini anayeshika kalamu ubaoni hupindisha mambo bila hata kukusudia. Mtafuteni mtu wa jengo jirani, au mpangaji asiye na upande, awaongoze kwa vikao viwili vya dakika 90 kila kimoja. Kati ya kikao cha kwanza na cha pili acheni wiki mbili za kukusanya namba. Jumapili baada ya Alasiri huwafaa wengi: wa kanisani wamerudi, na bado kuna nafasi kabla ya Magharibi.

Katika kikao cha kwanza andikeni machaguo yote, pamoja na lile la kubaki kama mlivyo. Kikundi kikiisahau hali ya sasa huichagua bila kujua, kwa kukosa kuamua. Jengo letu lilianza na matano:

- Hali ya sasa: kila nyumba hujinunulia madumu ya mkokoteni.
- Boza: kununua tangi moja kubwa na kuagiza maji kwa pamoja.
- Kisima: kuchimba na kuweka pampu, maji ni ya chumvi, ya kunywa yananunuliwa.
- Mtambo: kisima pamoja na mtambo wa kuondoa chumvi.
- Mfereji: tangi la ardhini la kuhifadhia maji ya mfereji yanapokuja.

Kabla ya kupima chochote, wekeni masharti. Sharti ni jambo lisilofidiwa na kitu kingine: chaguo likilivunja linatoka, hata liwe zuri vipi kwingine. Jengo letu liliweka matatu. Maji ya kunywa yasionyeshe bakteria wa kinyesi katika kipimo cha mililita 100. Chaguo liweze kupata vibali. Kuchimba kisima kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Na gharama ya mwezi isizidi Sh 4,000 kwa nyumba.

Sharti la tatu likaiondoa hali ya sasa. Nyumba inayotumia lita 200 kwa siku hununua madumu 10 ya lita 20. Kwa Sh 20 dumu ni Sh 200 kwa siku, Sh 6,000 kwa mwezi. Yakabaki machaguo manne.

Msiweke masharti mengi. Kuna mtu atakayejaribu kugeuza kila anachokipenda kuwa sharti, akisema "bila hili mimi simo". Mwulizeni: kama chaguo hilo lingekuwa la bure kabisa, ungelikataa bado? Akisema hapana, hicho ni kigezo na kitapimwa pamoja na vingine.

Vigezo vitano vinatosha

Kigezo kizuri kina kipimo na kina upande: kikizidi ni vizuri au ni vibaya, hakuna katikati. "Maji mazuri" si kigezo. "Miligramu za chumvi na madini yaliyoyeyuka katika lita moja" ni kigezo. "Usumbufu" si kigezo mpaka useme ni saa ngapi za kazi ya kamati kwa wiki: kumpigia mwenye boza, kukusanya pesa, kumsubiri fundi, kuosha tangi.

Jihadharini na vigezo pacha. Mkiandika "gharama ya mwezi", halafu "bili ya umeme", halafu "bei ya boza", mmeihesabu pesa ileile mara tatu, na chaguo lenye gharama kubwa limeshindwa kabla ya kupimwa. Kosa hili ndilo lililo gumu kulinasa kwa sababu kila kigezo kikitazamwa peke yake kinaonekana cha haki. Kwa kila jozi ulizeni: kimoja kikibadilika, kingine kinabadilika palepale kwa sababu hiyohiyo? Kama ndiyo, futeni kimoja.

Pesa ya kuanzia, inayotolewa mara moja, na gharama ya kila mwezi tulizifanya vigezo viwili kwa makusudi. Kwa mtu anayelipwa kwa siku, kutoa Sh 25,000 kwa mkupuo si sawa na kutoa pesa hizo kidogo kidogo kwa miaka miwili.

Kukusanya namba

Hapa ndipo maswali ya ukweli yanapojibiwa, na hayajibiwi kwa kura. Mgawieni kila mtu kazi yake.

Siku za kukauka kwa mfereji: mwulizeni keyateka, kisha linganisheni na daftari la majengo mawili ya jirani kwa miezi mitatu nyuma. Kumbukumbu ya watu hutia chumvi. Wiki moja mbaya hukumbukwa kama mwezi mzima.

Chumvi ya kisima: kuna kipimo kidogo cha mkononi, unakitia kwenye glasi ya maji na namba inatokea. Pimeni visima vitatu au vinne vya karibu, kimoja hakitoshi. Kipimo cha baada ya masika kitakuwa kizuri kuliko cha mwisho wa kaskazi, kwa hivyo mkiweza pateni vyote viwili, na msipoweza chukueni kile kibaya. Mjue pia kwamba katika ardhi ya pwani maji yasiyo na chumvi hukaa juu ya maji ya chumvi kwa kuwa ni mepesi zaidi. Pampu ikivuta kwa nguvu mchana kutwa, chumvi hupanda kutoka chini. Kisima kinachotoa miligramu 1,500 mwaka wa kwanza kinaweza kutoa 2,400 baadaye, na namba ya kuandika kwenye jedwali ni ile mtakayoishi nayo.

Kwa kulinganisha, Shirika la Afya Duniani linasema maji yenye chini ya miligramu 600 kwa lita kwa kawaida huwa na ladha nzuri, na yakipita 1,000 ladha huzidi kuharibika.

Kipimo cha mkononi husoma chumvi tu. Bakteria hawaonekani humo, na kisima kifupi kilicho karibu na choo cha shimo kinaweza kuwa na maji matamu yenye maradhi. Sampuli ipelekwe maabara.

Gharama ya boza ni hesabu: nyumba 24 mara lita 200 ni lita 4,800 kwa siku, lita 144,000 kwa mwezi wa siku 30. Kwa boza la lita 10,000 ni safari 14.4. Boza likiwa Sh 6,000, jumla ni Sh 86,400, yaani Sh 3,600 kwa nyumba. Fanyeni hivi kwa kila chaguo, karatasi zihifadhiwe.

Jedwali likawa hivi:

| | Boza | Kisima | Mtambo | Mfereji |
|---|---|---|---|---|
| Pesa ya kuanzia kwa nyumba (Sh) | 6,000 | 25,000 | 60,000 | 18,000 |
| Gharama ya mwezi kwa nyumba (Sh) | 3,600 | 1,500 | 1,950 | 900 |
| Siku bila maji kwa mwezi | 3 | 1 | 2 | 7 |
| Chumvi (mg kwa lita) | 400 | 2,400 | 200 | 400 |
| Saa za kazi ya kamati kwa wiki | 5 | 2 | 7 | 3 |

Mara nyingi ubishi wa nusu ya watu huishia hapa, kwa kuona jedwali tu.

Kugeuza namba kuwa alama

Shilingi, siku na miligramu hazijumlishiki. Kwa kila kigezo, chaguo bora lipewe 100 na lililo baya zaidi lipewe 0. Yaliyo katikati hupatikana hivi: toa namba ya chaguo kutoka kwa namba mbaya zaidi, gawanya kwa tofauti ya mbaya na nzuri, zidisha kwa 100. Pesa ya kuanzia ya kisima: (60,000 − 25,000) ÷ (60,000 − 6,000) × 100 = 65.

Miisho hii miwili ina faida kubwa. Kikundi kikiambiwa tu "toa alama kati ya 1 na 10", watu hujazana kwenye 6 na 7 kwa adabu, na machaguo hayatofautiani tena.

Kuna vigezo ambavyo fomula hii inavidanganya. Tofauti ya chumvi kati ya miligramu 200 na 400 haionjeki. Ile kati ya 400 na 2,400 inaharibu chai, sabuni na mabomba. Hapo ulizeni ulimi badala ya fomula: kikundi kilikubaliana mtambo 100, boza na mfereji 95, kisima 0.

| | Boza | Kisima | Mtambo | Mfereji |
|---|---|---|---|---|
| Pesa ya kuanzia | 100 | 65 | 0 | 78 |
| Gharama ya mwezi | 0 | 78 | 61 | 100 |
| Siku bila maji | 67 | 100 | 83 | 0 |
| Chumvi | 95 | 0 | 100 | 95 |
| Saa za kazi | 40 | 100 | 0 | 80 |

Uzito: hapa msiharakishe

Makundi mengi huuliza, "Kigezo gani ni muhimu zaidi?" Swali hilo halina jibu, na limeharibu maamuzi mengi mazuri. Pesa ni muhimu, ndiyo, lakini kama machaguo yote yangegharimu kati ya Sh 1,500 na 1,600 kwa mwezi, pesa isingestahili uzito wowote wa maana hapa, kwa kuwa haiyatenganishi. Uzito hupewa tofauti iliyopo kati ya machaguo mliyo nayo, kati ya ile 0 na ile 100 ya kila safu. Ndiyo sababu uzito hutolewa baada ya jedwali kukamilika. Kikundi kilichogawa uzito kabla ya kuona namba kimegawa hewani.

Msimamizi asome swali hili polepole, jedwali likiwa ukutani:

"Fikirini tumekwama kwenye hali mbaya ya kila safu. Kuanzia ni Sh 60,000, kila mwezi Sh 3,600, siku 7 bila maji, chumvi 2,400, saa 7 za kazi. Mmepewa ruhusa ya kuvuta safu moja tu hadi hali yake nzuri kabisa. Mtavuta ipi kwanza?"

Kila mtu aandike kwenye karatasi, kimya, bila kuchungulia. Safu iliyotajwa na wengi, kwetu ilikuwa siku bila maji, kutoka 7 hadi 1, inapewa 100 iwe kipimo cha zingine. Halafu kwa kila safu iliyobaki: ukilinganisha na faida ile ya 100, hii ina thamani gani? Anayeona chumvi inazidi siku za ukame anaruhusiwa kuandika 120. Kwa asiyependa namba, mpeni njiti za kiberiti: safu ya kwanza ina njiti 20, hii ingepata ngapi? Kila njiti ni 5.

Karatasi na ukimya ni lazima. Mombasa tunawaheshimu wazee, na ni vizuri, lakini mzee akisema kwanza "hili la chumvi ni dogo", kijana wa ghorofa ya nne hatasema 90 hata kama ngozi ya mtoto wake inawasha. Mambo ni mabaya zaidi kwenye kundi la WhatsApp, ambako jibu la kwanza linavuta yote yanayofuata. Kama mtu yuko safarini, amtumie katibu peke yake. Palipo wengi hapaharibiki neno pale tu kila mmoja amelisema la kwake kabla ya kusikia la mwenziwe.

Sasa someni karatasi kwa sauti bila majina, mzipange kutoka ndogo hadi kubwa. Za chumvi zilikuwa: 10, 20, 20, 30, 40, 40, 60, 90, 120. Chukueni ile ya katikati, ya tano kati ya tisa: 40. Wastani ungekuwa karibu 48, kwa sababu mtu mmoja aliyeandika 120 ameuvuta. Namba ya katikati haisukumwi na mtu mmoja anayezidisha ili ashinde, na watu wakijua hivyo huacha kuzidisha.

Tofauti kati ya 10 na 120 isipuuzwe. Mwombeni mmoja wa walioandika juu na mmoja wa walioandika chini waeleze kwa dakika mbili kila mmoja, bila kujibizana. Kwa kawaida inatoka habari mpya: wa chini alifikiria maji ya kunywa peke yake, ambayo yatanunuliwa hata hivyo, wa juu alifikiria nguo, nywele, na mashine ya kufulia iliyoliwa na kutu. Kisha kila mtu aandike tena, kimya. Raundi mbili zinatosha. Ya tatu huwa ni ya kuwachosha wachache mpaka wakubali.

Namba za katikati zikawa: siku bila maji 100, gharama ya mwezi 50, pesa ya kuanzia 50, chumvi 40, saa za kazi 10. Jumla 250. Gawanyeni kila moja kwa jumla: asilimia 40, 20, 20, 16 na 4.

Mtu aliyesoma usimamizi wa miradi huenda akawashauri mtumie njia ya Thomas Saaty ya kulinganisha vigezo viwili viwili kwa kipimo cha 1 hadi 9. Ni njia nzuri na ina jaribio la kunasa majibu yanayopingana. Lakini vigezo vitano vinahitaji maswali 10 kwa kila mtu, na bila kompyuta itawachosha. Kwa kikundi cha jengo, chama au kamati ya shule, swali la kuvuta safu linafaa zaidi.

Kujumlisha, kisha kutikisa

Zidisheni kila alama kwa uzito wake, mjumlishe. Kisima: 100 × 0.40 + 78 × 0.20 + 65 × 0.20 + 0 × 0.16 + 100 × 0.04 = 72.6. Boza linapata 63.6, mtambo 61.4, mfereji 54.

Msipige makofi bado. Namba hizi zimetoka kwenye makadirio, na tofauti ya alama mbili tatu haina maana yoyote. Sasa tikiseni jedwali muone linaangukia wapi. Ongezeni uzito wa kigezo kimoja, vingine mvipunguze kwa uwiano uleule, mjumlishe tena. Chumvi ikipanda kutoka asilimia 16 hadi 25, boza linakuwa 67, mtambo 65.5, na kisima kinashuka hadi 64.8, cha tatu. Boza linaanza kukipita kisima chumvi inapofika karibu asilimia 23. Fanyeni hivyo kwa siku bila maji, kwa pesa ya kuanzia, na kwa namba mlizokuwa na shaka nazo.

Jaribio la pili ni kupiga hesabu kwa uzito wa kila mtu peke yake, karatasi tisa, majibu tisa. Chaguo likiongoza kwenye karatasi 7 au 8, hakuna haja ya kuendelea kubishana kuhusu uzito. Watu wanaopenda vitu tofauti wamefika mahali pamoja. Likiongoza kwenye 4 au 5, msilazimishe. Mmegawanyika kweli, na afadhali mjue sasa kuliko wakati wa kuchanga.

Kwa jengo letu, matikiso yote yalielekea mahali pamoja: kisima ni kizuri kila mahali isipokuwa kwenye sifuri ya chumvi. Sifuri moja kama hiyo katikati ya alama nzuri inawaambia mkatengeneze chaguo jipya. Likazaliwa la tano, mabomba mawili: kisima kwa vyoo na kusafishia, tangi dogo la mfereji kwa kupikia, kunywa na kufulia. Kuanzia Sh 32,000, mwezi Sh 1,600, siku 2 bila maji, saa 4 za kazi, na kwa chumvi kikundi kikalipatia alama 70. Alama zake: 52, 74, 83, 70, 60. Jumla ni 72.0.

Liko chini ya kisima kwa alama 0.6 tu, tofauti isiyo na maana. Lakini chumvi ikipewa asilimia 25, kisima kinaporomoka hadi 64.8 na mabomba mawili yanabaki 71.8, mbele ya boza. Chaguo lisiloanguka mkilitikisa lina thamani kuliko linaloongoza kwa uzito mmoja tu. Jengo likachagua mabomba mawili.

Angalizo: chaguo jipya likitoka nje ya mipaka ya jedwali, kwa mfano kuanzia Sh 90,000, ile 0 na 100 zinahama. Hapo uzito wa zamani hauna maana tena, lazima mrudie swali la kuvuta safu kwa kigezo hicho. Wengi husahau, na mpangilio wa machaguo hugeuka bila mtu kuelewa kwa nini.

Yanayoharibika hata hesabu ikiwa sahihi

Mtu anayependa chaguo lililoshindwa atapendekeza kigezo kipya baada ya kuona matokeo. Huenda ana hoja ya kweli, kwa hivyo msimnyamazishe. Mwulizeni kama kigezo hicho kingetajwa wiki mbili zilizopita, wangapi wangekikubali. Kikipita kwa wengi, kiingizwe na kila kitu kihesabiwe upya. Wekeni kanuni hiyo kwenye kikao cha kwanza, kabla yeyote hajashindwa.

Jambo lingine ni mgawanyo wa malipo. Kuchagua chanzo cha maji ni swali moja. Nani alipe kiasi gani ni jingine. Nyumba ya mtu mmoja na nyumba ya watu saba zikitozwa sawa, mwenye nyumba ndogo atalipinga chaguo lolote la pesa nyingi, na uzito wake utaonekana kama maoni juu ya maji. Amueni kanuni ya mgawanyo kwanza, iandikwe, ndipo mwanze vigezo.

Matokeo yaandikwe kwenye ukurasa mmoja wa kubandikwa ngazini: machaguo, jedwali la namba, uzito, jumla, na tarehe. Chini yake wekeni hali zitakazofungua uamuzi upya. Jengo letu liliandika mbili: kisima cha majaribio kikitoa zaidi ya miligramu 3,000, au makadirio ya pesa ya kuanzia yakizidi Sh 40,000 kwa nyumba, kazi isimame na kikundi kikutane ndani ya siku saba. Mkataba na mchimbaji ufuate ukurasa huo: malipo ya kwanza yawe ya kuchimba na kupima tu, na pesa za pampu na mabomba zisitoke mpaka majibu ya maabara yafike mikononi mwa mweka hazina.